Jinsi ya Kuchora Ndege kwa Mtindo wa Karne ya 18: Mwongozo Kamili wa Kumchora Kanga kwa Rangi za Maji

Mwaka 1787 daktari mmoja wa Uingereza, John Latham, alichapisha nyongeza ya kazi yake kubwa kuhusu ndege. Baadhi ya ndege wa India aliowaeleza humo aliwajua kupitia michoro. Michoro hiyo ilikuwa mali ya Mary Impey, mke wa jaji mkuu wa mahakama ya Waingereza huko Calcutta, na walioichora walikuwa mafundi watatu kutoka mji wa Patna: Shaikh Zain ud-Din, Bhawani Das na Ram Das. Yuko ndege mmoja wa milima ya Himalaya, wa jamii ya kuku, mwenye manyoya ya kumetameta, ambaye hadi leo jina lake la kisayansi ni Lophophorus impejanus, kwa heshima ya bibi huyo.

Hapo ndipo ulipo moyo wa mtindo huu. Mchoro ulikuwa ushahidi. Mtu aliye ng'ambo ya bahari aliutazama, akahesabu manyoya, akalinganisha mdomo na miguu, akatoa hukumu. Linnaeus, mtaalamu wa viumbe wa Sweden, alifanya hivyo hivyo mwaka 1758 alipowapa ndege majina: kwa ndege wengi wa Marekani Kaskazini alitegemea michoro ya Mwingereza Mark Catesby, na kwa wengine ile ya George Edwards wa London. Basi anayetaka kuchora kwa namna hii akubali sharti moja tangu mwanzo, kwamba hachori asichokiona. Urembo wa picha hizi, na zinapendeza kweli kweli, umetokana na sharti hilo.

Mfano wetu utakuwa kanga wa kufugwa. Nimemchagua kwa sababu anapatikana vijijini na mijini, anasimama kwa madaha, na madoa yake yatakufundisha mpangilio wa manyoya kuliko ndege mwingine yeyote. Tutamchora kwa ukubwa wake halisi, ndege mmoja juu ya karatasi nyeupe, kama walivyofanya mafundi wa Patna.

Vifaa

Karatasi kwanza. Mafundi wa familia ya Impey walitumia karatasi ya Kiingereza ya kiwanda cha James Whatman, iliyokuwa na uso laini usio na mistari inayoachwa na nyaya za chekecheo la kutengenezea karatasi. Leo tafuta karatasi ya rangi za maji ya pamba tupu, yenye uso laini kabisa, ya gramu 300 kwa mita ya mraba, ukubwa wa A2. Karatasi yenye vinundu inafaa kwa mandhari ya bahari na mawingu. Kwa unyoya haifai hata kidogo, maana kila kinundu kitakukatia mstari.

Brashi tatu zinatosha: moja nene ya kupakia rangi nyepesi, moja ya kati, na moja nyembamba sana, namba 0 au 00, yenye ncha isiyopasuka. India walifunga brashi zao kwa singa za mkia wa kindi. Ukienda dukani, lowesha brashi, ikung'ute mara moja, uone kama ncha inajikusanya yenyewe. Isipojikusanya, iache.

Zaidi utahitaji penseli ngumu ya 2H, karatasi ya kunakilia inayopitisha mwanga, bikari, rula, utepe wa fundi cherehani na daftari.

Rangi ndiyo yenye maneno mengi. Hadi miaka ya 1780, ndugu wawili akina Reeves wa London walipoanza kuuza rangi za maji katika vipande vidogo vya mraba, mchoraji alisaga na kuchanganya rangi mwenyewe, au alimwachia msaidizi, na mara nyingi aliiweka ndani ya maganda ya kome. Zilikuwepo nili, masizi ya taa, udongo mwekundu na wa njano, nyekundu ya wadudu wa kochinili, na bluu ya Prussia iliyogunduliwa Berlin mwanzoni mwa karne hiyo. Zilikuwepo pia rangi za kuua: nyeupe ya risasi, nyekundu ya zebaki, njano ya aseniki. Hizi tatu usiziguse, hata ukiletewa bure. Nyeupe ya risasi ina kasoro nyingine tena, kwamba hewa chafu huigeuza nyeusi, na ndiyo maana katika baadhi ya michoro ya kale utaona alama za giza mahali palipokuwa na mng'ao. Badala yake tumia nyeupe ya titani.

Kwa kanga unahitaji nyeusi, bluu ya Prussia au nili, kahawia ya udongo, nyekundu moja kali, njano ya udongo na nyeupe. Unaweza kununua zilizo tayari, na kazi itatoka. Lakini mwenye subira ajaribu kutengeneza angalau nyeusi yake mwenyewe, kwa sababu ukijua rangi inavyoshika utajua pia kwa nini inabanduka.

Chukua gundi ya mgunga, ile inayotoka mtini kama machozi na kukauka. Kwa uzito, weka sehemu 1 ya gundi katika sehemu 2 za maji ya moto, acha usiku kucha, kisha chuja kwa kitambaa safi ili magome na mchanga vibaki. Ongeza asali kidogo, isizidi robo ya uzito wa gundi, ili rangi isikauke na kupasuka. Ukiwa Mombasa, Tanga au Unguja, punguza asali hata zaidi: asali huvuta unyevu, na katika hewa ya Pwani rangi itabaki inanata na kuota ukungu. Dawa ya ukungu iko karibu nawe, nayo ni tone moja au mawili ya mafuta ya karafuu.

Masizi hukataa maji, huelea juu kama vumbi. Yaloweshe kwanza kwa matone machache ya spiriti, yakilegea ndipo utie gundi, usage juu ya kioo kinene kwa jiwe lenye kitako bapa hadi usisikie tena chembe chini ya jiwe. Paka kidogo kwenye karatasi, acha ikauke, pitisha kidole. Ikichafua kidole, gundi haijatosha. Iking'aa na kupasuka, gundi imezidi.

Hatua ya 1: Andika kabla ya kuchora

Huu ndio wakati wa kutokuwa na haraka. Kaa karibu na banda asubuhi, wakati kanga wanakula, utazame kabla ya kushika penseli. Anabebaje shingo akitembea, na akisikia kishindo? Mgongo unapandaje hadi kuwa kama nundu, na mkia unaangukia wapi? Chora vijipicha vingi vidogo vya haraka, bila kufuta.

Kisha muombe mfugaji amshike mmoja, umsogelee, uandike rangi za sehemu zisizo na manyoya: jicho, ngozi ya uso, vinyama vinavyoning'inia kando ya mdomo, mdomo wenyewe, pembe ya utosini, miguu na kucha. Kanga wa kufugwa hutofautiana, huyu uso mweupe, yule wa buluu, kwa hiyo usinakili picha ya mtandaoni. Andika wa kwako yukoje.

Kwa nini sehemu hizo kwanza? Kwa sababu ndizo zinazobadilika upesi ndege akifa. Manyoya hudumu, lakini jicho hufifia, na ngozi ya uso na miguu hupoteza rangi. Wachoraji wengi wa Ulaya wa karne ya 18 walipewa ngozi zilizokauka, au ndege aliyelowekwa katika pombe kali, wakalazimika kubuni yaliyokosekana. Mfano maarufu ni ndege wa peponi wa New Guinea: ngozi zao zilifika Ulaya zikiwa zimekatwa miguu, na Linnaeus akampa mmoja wao jina Paradisaea apoda, maana yake asiye na miguu. Ndege mzima na miguu yake, akaingia vitabuni bila miguu!

Ukitaka ndege wa porini usimtege wala usimuue. Sheria za Kenya na Tanzania zinawalinda, na sanaa haihitaji damu tena. Nenda makumbusho: huko Nairobi, Makumbusho ya Taifa yana ukumbi wa ndege waliokaushwa, na hapo utapata umbo, vipimo na mpangilio wa manyoya. Rangi ya jicho na miguu zichukue kwa ndege hai, ukiwa na darubini.

Hatua ya 2: Vipimo

Pima kwa bikari urefu wa mdomo kuanzia ncha hadi unapoota, upana wa jicho, kila kidole, na mguu tangu kifundo hadi vidoleni. Kwa utepe pima bawa likiwa limekunjwa, na urefu wote toka mdomo hadi mkia, ambao kwa kanga mkubwa hukaribia sentimita 55. Namba zote ziandikwe daftarini pamoja na tarehe.

Ukubwa halisi haukuwa mbwembwe. Catesby na Edwards waliuzingatia kila ndege alipoenea kwenye ukurasa, ili mwanasayansi aweze kuweka bikari yake juu ya picha. Ndege wako asipoenea, punguza vipimo vyote kwa kiwango kimoja, uandike chini umepunguza kiasi gani.

Hatua ya 3: Mchoro wa penseli

Usianze kwenye karatasi nzuri. Anza kwenye karatasi ya kawaida yenye ukubwa ule ule. Mweke ndege kwa ubavu, kwa sababu ubavu ndio unaoonyesha mengi kwa mara moja. Chora mstari mmoja mwepesi wa uti wa mgongo, yai la mwili, yai dogo la kichwa, kisha weka alama za vipimo vyako. Teremsha mstari wima toka katikati ya mwili: vidole vya mguu wa kusimamia lazima viwe chini ya mstari huo. Vikiwa nyuma yake, kanga wako anaanguka, hata umpake rangi nzuri namna gani.

Makosa yanayoonekana mara nyingi ni mawili. La kwanza, jicho kuwekwa juu mno na kuwa kubwa mno, hivyo ndege akapata uso wa mtu. Vuta mstari toka mwanya wa mdomo kuelekea nyuma, upime kwa bikari jicho liko juu yake kiasi gani. La pili, miguu kutokea katikati ya tumbo kama vijiti. Paja la ndege limefichwa ndani ya manyoya, na kile tunachokiona kimepinda nyuma kama goti kwa kweli ni kifundo.

Mchoro ukikubali, uhamishe. Mafundi wa India walitoboa nakala yao vitundu vidogo kwa sindano kufuata mistari, wakapitisha kifuko cha vumbi la makaa juu yake, vumbi likaacha nukta kwenye karatasi ya chini. Njia hii bado ni safi kuliko zote, kwa sababu huumizi karatasi nzuri kwa kufuta. Unganisha nukta kwa penseli ya 2H, mkono mwepesi, kisha pangusa vumbi kwa unyoya.

Hatua ya 4: Rangi ya kwanza, na kusugua

Changanya nyeusi, bluu kidogo na kahawia kidogo hadi upate kijivu cha mawe, iwe na maji mengi. Paka mwili mzima, ukiacha kichwa na miguu. Ikikauka, ongeza tabaka la pili chini ya tumbo, chini ya bawa na upande wa mkia, ili mwili uanze kuviringika. Usitafute weusi kamili sasa, weusi utakuja wenyewe tabaka kwa tabaka.

Rangi ikiwa kavu kabisa, fanya walichofanya wachoraji wa Kimughali, yaani wa dola ya Mughal iliyotawala India, vizazi na vizazi: laza mchoro kifudifudi juu ya kioo safi, usugue mgongo wa karatasi kwa kitu kigumu kilicho laini. Wao walitumia jiwe la akiki. Mimi hutumia kauri kubwa ya baharini, mgongo wake wa duara ndio unaofaa. Rangi hushikamana na karatasi, uso unakuwa kama enameli, na mstari mwembamba unaofuata unateleza bila kukwama. Rudia kila baada ya tabaka mbili tatu.

Hatua ya 5: Manyoya

Hapa ndipo kazi ilipo, na hapa ndipo wengi hukata tamaa na kuanza kuchora manyoya kama magamba ya samaki yanayolingana. Manyoya hayalingani. Yamekaa kwa vikundi, na kila kikundi kina ukubwa na mwelekeo wake: madogo sana shingoni, ya duara mgongoni, safu za manyoya mafupi begani yanayofunika mizizi ya yale marefu, kisha manyoya makubwa ya bawa yenye kingo zilizonyooka. Kabla ya kugusa brashi, gawanya vikundi hivyo kwa mistari myepesi ya penseli.

Anza mkiani, uende kuelekea kichwani. Ndege amefunikwa kama paa la makuti: safu ya chini hulazwa kwanza, na ya juu yake huikalia. Ukichora kwa utaratibu huo, ukingo wa kila unyoya mpya utaangukia juu ya ule uliokwisha kuuchora, na hutahitaji kufuta kitu.

Chukua unyoya mmoja wa mgongoni, ule uliodondoka bandani, uuweke kando ya karatasi. Utazame kwa kioo cha kukuzia. Uti wake umepita katikati. Madoa meupe yamepangwa jozi jozi huku na huku ya uti, na kila doa limezungukwa na pete nyeusi kuliko sehemu nyingine. Kati ya pete na pete kuna vumbi la vijialama vya kijivu. Ukishaona hivyo huwezi tena kumwagia kanga madoa ovyo, maana unajua kila doa ni la unyoya gani.

Basi fuata mpango huo. Kwa brashi ndogo na rangi nzito kidogo, chora ukingo wa unyoya na kivuli chembamba chini yake. Weka pete nyeusi. Nyunyizia vijialama vya kijivu kwa ncha ya brashi iliyokauka nusu. Mwisho weka doa jeupe. Nyeupe juu ya nyeusi hufifia ikikauka, kwa hiyo rudia mara ya pili, lakini katikati ya doa tu, ukingo ubaki laini. Madoa ya upande wenye kivuli usiyarudie. Yakibaki na ukijivu, mwili utaviringika.

Kwenye manyoya marefu ya bawa, upande wa nje, madoa hubadilika kuwa mistari midogo ya mshazari. Hakikisha mistari ya unyoya mmoja haiungani na ya jirani yake kana kwamba bawa ni kitambaa. Kifuani kanga wengi wa kufugwa wana wekundu wa zambarau. Utoe kwa tabaka moja jepesi la nyekundu juu ya kijivu, kabla ya madoa.

Fanya kikundi kimoja kwa siku, upumzishe macho. Mwanga utoke dirishani upande wa kushoto, kama unatumia mkono wa kulia, na vivuli vyote ndani ya picha vifuate upande huo huo.

Neno moja kuhusu ndege wa kumetameta, kama kwezi na chozi, maana mtawatamani baada ya kanga. Mwishoni mwa karne ya 18 Jean-Baptiste Audebert huko Ufaransa aliingiza dhahabu katika picha za ndege wa aina hiyo, na matokeo ni ya fahari. Mimi sishauri. Dhahabu hung'aa kwa rangi moja tu, wakati unyoya wa chozi hugeuka kijani, bluu na zambarau. Paka chini weusi wenye bluu, juu yake kijani safi kwa mistari myembamba inayofuata unyoya, na sehemu ya mng'ao iache karatasi ionekane.

Hatua ya 6: Kichwa, jicho na miguu

Ngozi ya uso ni nyororo karibu na jicho na yenye mikunjo shingoni. Ipake kwa tabaka nyepesi za bluu iliyochanganywa na nyeupe, mikunjo uitie kwa kijivu, nywele nyeusi za kisogoni ziwe moja moja.

Jicho limalizike kwa utaratibu huu: kahawia, mboni nyeusi, mstari wa kope, kisha nukta moja ya nyeupe upande unakotoka mwanga. Ikikauka yote, weka juu ya jicho tone dogo la gundi ya mgunga safi isiyo na rangi. Wapakaji wa rangi wa Ulaya walitumia ujanja huu, na jicho hupata umajimaji ambao rangi peke yake haiwezi kuutoa.

Miguuni hesabu magamba makubwa ya mbele, uyachore yanavyopishana. Vidole vitatu viende mbele, cha nyuma kimeota juu kidogo. Kucha zina mkunjo na ncha butu, kwa sababu kanga hufukua ardhi kutwa.

Hatua ya 7: Mahali pa kusimama, na maandishi

Ulaya, ndege wengi waliwekwa juu ya kisiki kimoja kilekile kilichochoka, awe wa Brazil au wa Afrika. Catesby alikataa hilo, akamweka ndege pamoja na mmea wa kwao, na Zain ud-Din naye aliwapa baadhi ya ndege wake tawi halisi lenye majani yaliyotobolewa na wadudu. Fuata hao. Kwa kanga inatosha ardhi kidogo yenye kokoto, punje mbili tatu za mtama, na mche wa nyasi ulioung'oa palepale alipokuwa. Sehemu yote iliyobaki iache nyeupe.

Mwisho andika. Michoro ya Calcutta ina maandishi yanayotaja mkusanyiko ulikotoka, jina la mchoraji, kwamba ni mzaliwa wa Patna, na mwaka. Kwa sababu ya mstari huo mfupi, leo tunawajua mafundi watatu kwa majina, wakati wachoraji wengi wa India waliowafanyia kazi Waingereza hatuna hata herufi moja yao. Chini ya kanga wako, kwa mwandiko unaosomeka na wino usiofutika, weka jina lake la Kiswahili na la kisayansi, Numida meleagris, jike au dume kama umehakikisha, urefu kwa sentimita, kijiji au mtaa, tarehe, kama alichorwa akiwa hai, na jina lako kamili.